Ubeti Niliouruka

Jumatatu, 3 Machi

Shajara hii naifungua leo, mvua ikiwa imeanza kunyesha tangu alfajiri bila taarifa yoyote. Kwa manufaa ya atakayeisoma baada yangu, naeleza: mimi ni mjane, ni mwandishi wa maombi na malalamiko ya wananchi, na meza yangu imewekwa katika veranda ya duka la vifaa vya shule, mkabala na ofisi ya ardhi. Shule niliiacha mapema. Kuandika nilijifundisha kwa kunakili barua zilizotupwa na makarani. Kwa kuwa kila barua yangu ina kichwa cha habari kinachoanza na YAH, yaani "yahusu", kilichopigiwa mstari, mtaa mzima huniita Bi Yahusu. Jina hilo sikulipinga. Ni jina lenye mpangilio.

Natunga pia mashairi. Hilo mtaa haulijui.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Wateja hakuna.

Jumatano, 5 Machi

Mkutubi wa maktaba ya mtaa, binti mwenye subira na viatu vilivyolowa, alinijia mezani akiwa ameshika mwavuli uliovunjika ubavu.

"Mama, shikamoo. Watu wanajaa kule kwangu wakikimbia mvua. Wanakaa, wanapiga miayo, wanatazama vitabu kama wanatazama ukuta. Njoo uwasomee chochote. Kila Alhamisi jioni."

"Marahaba. Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe pekee ndiye unayeazima vitabu vya mashairi, tena unavirudisha vimenyooshwa kurasa."

Nilimwomba muda wa kutafakari. Nilitafakari mpaka akafika mlangoni, nikamwita arudi. Nitawasomea mashairi ya kale ya mapenzi. Marehemu mama yangu alikuwa akiyaghani huku akikuna nazi, nami niliyanakili nilipojua kuandika. Katika maisha yangu sijakutana na lugha iliyopangwa vizuri kuliko hiyo, na inanisikitisha kwamba nimekaa nayo peke yangu kama mtu aliyefungia mgeni chumbani.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha kwanza kilifanyika. Waliohudhuria ni wachache, mmoja wao akiwa usingizini kihalali kabisa.

Nilichagua shairi alilolipenda mama kuliko yote. Mtunzi hajulikani. Limetungwa kwa mtindo wa mkufu, yaani kipande kinachofunga ubeti mmoja ndicho kinachofungua ubeti unaofuata, na kila pete imeshika mwenzake. Nilianza hivi:

*Naja mlangoni pako, sina hoja sina neno,*
*Nafuata mwendo wako, usio nao mfano,*
*Nipe japo jicho lako, nisikonde kwa maono,*
*Nishike wangu mkono, unitie mwako ndani.*

Walitulia. Hata aliyelala alifumbua jicho moja. Hapo nikautazama ubeti wa pili, wenye shingo na pumzi na kiu, nikawatazama watu walioketi mbele yangu, miongoni mwao wateja wangu wa mirathi na mipaka ya viwanja, na ulimi ukagoma. Nikauruka. Nikaendelea na wa tatu kwa sauti ile ile, kana kwamba hakuna kilichotokea:

*Maji yako mdomoni, na mimi nimekauka...*

"Simama hapo, Bi Yahusu," akasema dobi wa kona yetu, mtu mnene mwenye mikono iliyochakaa kwa sabuni. "Jamaa alikuwa mlangoni. Ameomba atiwe ndani. Sasa haya maji ya mdomoni yametoka wapi?"

"Ni muendelezo," nikajibu.

"Muendelezo gani? Pete moja imekatika, sote tumesikia. Huko ndani amefanya nini?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Nilifunga karatasi zangu, nikatangaza kwamba muda umekwisha. Muda haukuwa umekwisha.

Ijumaa, 7 Machi

Binti yangu anafanya kazi katika duka la dawa na husikia habari kabla hazijatokea. Alirudi jioni, akaweka mkoba, akakaa kwenye mkono wa kiti jambo ambalo nimemkataza tangu utotoni.

"Mama, kuna ubeti umeuficha?"

"Nimeuacha kwa heshima."

"Haya. Kwa heshima yako, dukani leo nimeusikia mara nyingi, na kila mtu ana wake. Wa muuza sabuni una kitanda. Wa yule mama anayechoma sindano una vitanda viwili."

Nikamwambia kwamba katika ubeti ule hakuna kitanda hata kimoja.

"Basi umewapa nafasi ya kukinunua," akasema, akaenda kuoga akicheka.

Alhamisi, 13 Machi

Chumba kilifurika, wengine wakasimama dirishani chini ya mchirizi wa paa kwa kuwa ndani hapakubaki hata nafasi ya kujibana. Mvua haikuwa sababu tena. Nilisoma mashairi mengine, mazuri, ya mpenzi anayeulizia habari kwa mawingu. Walisikiliza kwa adabu ya watu wanaongoja chakula. Nilipomaliza, dobi akanyoosha mkono.

"Mawingu tumeyaelewa. Turudi mlangoni."

Nikarudi mlangoni. Nikafika palepale. Nikaruka tena. Kelele zilizopigwa nisingependa kuziweka katika maandishi.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji alikuja nyumbani. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mwalimu mkuu mstaafu, na ni mwenyekiti wa kamati ya maktaba. Amekuwa akinisahihisha tangu siku ya harusi yangu. Alikaa wima, mwavuli wake ukitiririka juu ya sakafu niliyokuwa nimeideki.

"Shemeji, nimeletewa malalamiko. Inasemekana unasoma matusi mbele ya hadhara."

"Nani aliyeyasikia?"

"Hakuna aliyeyasikia. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kila mtu anayajua."

Akataja beti alizoletewa. Niliona haya kwa niaba ya ushairi: mizani zilipelea, vina vilipishana kama watu waliogombana. Binti yangu alijifanya anatafuta kitu kabatini, mabega yakimtikisika.

"Baba Mkubwa, chai nikuongezee sukari?" akauliza, akijikaza asicheke.

"Kikao kimesimamishwa," Shemeji akasema, bila kumjibu. "Kamati itakaa tarehe ishirini na saba. Ikiridhika kwamba ni uchafu, kitafungwa moja kwa moja. Wewe ni mjane wa mdogo wangu. Jina unalobeba ni letu sote."

Alipoondoka nilibaki nikitazama maji ya mwavuli. Nilimwona kama ukuta uliovaa koti.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeandika ombi kwa kamati. YAH: OMBI LA KUENDELEZA KIKAO CHA KUKUZA LUGHA NA KUHIFADHI URITHI WA FASIHI. Nimetaja msamiati, maadili, vijana, na matumizi bora ya majengo ya umma. Aya ya nne ina sentensi iliyobeba vishazi vinne bila kutetereka. Sijawahi kuandika bora zaidi. Nimelipeleka kwa mkono, ndani ya mfuko wa plastiki.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Nimeisoma tena nakala ya ombi langu. Imenyooka.

Alhamisi, 20 Machi

Hakukuwa na kikao. Nilipita mbele ya maktaba nikielekea nyumbani. Watu walikuwa mle ndani, wameketi katika viti vile vile, kimya, wakitazama kiti changu kitupu. Mkutubi alikuwa akipanga upya rafu ambayo tayari ilikuwa imepangwa. Nilitembea haraka, nikakanyaga dimbwi kwa mguu mzima.

Jumamosi, 22 Machi

Jibu limekuja kwa mwandiko wa Shemeji, mstari mmoja: "Ombi lako limesomwa mara mbili na bado halijulikani linaomba nini."

Nilikasirika kiasi cha kushindwa kula. Binti yangu alikula kwa niaba yangu, kisha akasema kwa upole asioutumia mara nyingi, "Mama, neno mapenzi umeliweka wapi humo?"

Nililitafuta. Halimo.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimepata mteja mmoja, naye amenifunza kazi yangu.

Ni dereva wa lori, mtu mkubwa, alikaa kwenye kiti cha wateja kikalia. Mke wake amerudi kwa wazazi wake na hapokei simu. Alitaka barua. Akaanza kunieleza: paa limetengenezwa, deni la jirani limekwisha, mtoto wa shangazi ameshahama. Niliandika, nikaandika, mwishowe nikaweka kalamu chini.

"Baba, haja yako ni ipi?"

"Si hayo niliyokwambia?"

"Hayo ni maelezo. Haja ni kile ambacho barua ikikikosa hairudi na kitu. Nimewaambia wateja hivyo miaka yote. Unataka nini kwake?"

Alitazama mvua. Ofisi ya ardhi ng'ambo ilikuwa imefunga madirisha.

"Mwambie," akasema polepole, "nalala upande mmoja wa kitanda. Ule wake siugusi. Nanyoosha mkono usingizini halafu naurudisha."

Nikaandika hayo tu. Karatasi ilibaki nyeupe karibu yote. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, nimetoa barua isiyo na kichwa cha habari, na dereva aliibeba kwa mikono miwili.

Alipokwenda nilitoa shairi la mama mkobani nikalisoma lote, kwa macho ya kazi. Ni ombi! Limekaa kama ombi linavyotakiwa: mwombaji anajitambulisha, anaeleza hali yake, anatoa ushahidi wa mwili wake mwenyewe, anataja nafuu anayoitaka. Mtunzi yule wa kale alijua kuandika kuliko mimi, kwa sababu ubeti wa pili ndio wenye haja, naye hakuona haya. Nami nimesimama mbele ya watu mara mbili nikawasomea ombi lililong'olewa haja yake. Ndiyo maana wakajaza wenyewe.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika haya nikiwa bado na viatu miguuni. Nitayaeleza kwa utaratibu.

Kamati iliketi katika chumba cha kusomea, nyuma ya meza ndefu, Shemeji katikati. Mkutano ulikuwa wa wazi, na mvua iliwaleta watu wote, au tuseme ilisingiziwa. Dobi alikaa mbele na shati alilolipiga pasi. Binti yangu aliomba ruhusa kazini. Nilipokuwa natafuta pa kuweka mwavuli, aliingia mke wa Shemeji, mwanamke mkimya ambaye kwa miaka mingi nimemjua kwa vitambaa anavyofuma kuliko kwa maneno. Alimwekea mumewe miwani mezani.

"Umeisahau juu ya redio," akasema. "Kama kawaida."

Badala ya kutoka, akatafuta kiti.

Shemeji akagonga meza. "Mwombaji aeleze ombi lake."

Nilisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naliondoa ombi langu la awali. Lilikuwa limeandikwa vizuri na halikusema kitu. Haja yangu ni hii: naomba kusoma mashairi ya kale ya mapenzi na matamanio, katika chumba hiki, kila Alhamisi, kwa ukamilifu, bila kuruka ubeti. Nayapenda. Sina sababu nyingine."

Hata mvua nadhani ilisogea karibu.

"Na huo ubeti wa aibu?" akauliza Shemeji.

"Ninao hapa." Nikaweka shairi mbele yake, na juu yake kalamu nyekundu. "Wewe umesahihisha maandishi ya watu maisha yako yote. Lisome kwa sauti, kamati isikie. Panapostahili kukatwa, kata."

Alivaa miwani. Akausoma ubeti wa kwanza kwa sauti ya matangazo ya shule, akafika *unitie mwako ndani*, akanyanyua kalamu.

"Hapa," akasema, "tunaanza kuona mwelekeo." Jicho lake likashuka, likakuta maneno yale yale yakimngojea, naye ni mtu asiyeweza kuacha kilichoandikwa bila kukisoma:

*Unitie mwako ndani, mvua imenitosa,*
*Nasimama barazani, viungo vimenikosa,*
*Nilaze pako shingoni, pumzi nipate sasa,*
*Kiu hii yanitesa, maji yako mdomoni.*

"Mvua?" Dobi alisimama. "Yaani siku zote hizi jamaa amelowa tu?"

"Kaa chini," akasema Shemeji.

"Mimi nilishamnunulia kitanda!"

Kicheko kilipiga paa. Mjumbe mmoja wa kamati alijifuta macho kwa karatasi ya kumbukumbu za mkutano uliopita. Shemeji akangoja, kalamu ikiwa imeelekezwa kwenye shingo. Kisha akaishusha kwenye mstari wa mwisho. Kisha akasita.

"Nikikata hapa," akasema, si kwetu, bali kama anayejisemea, "huu unaofuata utaning'inia."

"Ndivyo ilivyokuwa nilipokata mimi," nikasema.

Akaendelea, na hapo ndipo jambo lilipotokea. Hakulisoma tena. Mkufu ule una mwendo wake, na aliyeingia ndani yake mara mbili hawezi kutembea mwendo mwingine. Sauti ya matangazo ilimtoka, ikaja nyingine, ya chini, yenye mahadhi, sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka chini ya masharubu yale:

*Maji yako mdomoni, na mimi nimekauka,*
*Usininyime jamani, mwenzio nitaanguka,*
*Sikuombi hadharani, pana pazia lashuka,*
*Taa nayo yazimika, tusemezane viganja.*

Nami, niliyelijua shairi hili tangu sijaota meno ya ukubwani, nililisikia kwa mara ya kwanza.

"Mwenyekiti, naomba kutoa maelezo," nikasema. "Pazia hushushwa na nani?"

"Na mwenye nyumba," akajibu.

"Akiwa wapi?"

"Ndani."

"Na mwombaji analiona likishuka, na taa anaiona ikizimika. Katika ubeti wa pili alikuwa barazani, amelowa. Sasa yuko wapi?"

Nilimwona akirudi nyuma kwenye karatasi, kidole chini ya mstari, kama mwanafunzi. Lakini aliyejibu alikuwa mke wake, kutoka kiti cha nyuma.

"Amefunguliwa."

"Amefunguliwa," nikasema. "Hakuna aliyesema karibu. Ombi limekubaliwa katikati ya ombi, naye mtunzi hakututajia. Alituachia pazia tu. Waheshimiwa, mimi nimeandika maombi nusu ya maisha yangu, na sijapata kuona ombi lililojibiwa kwa adabu namna hiyo. Kama huu ni uchafu, basi sijui usafi unafananaje."

Mke wa Shemeji aliweka kitambaa chake mapajani.

"Mzee," akasema, "rudia pale pa pazia."

"Tupo kwenye mkutano," akasema Shemeji.

"Nimeona. Rudia."

Akarudia. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Miaka yote hii nakutafutia miwani," akasema yule mama, "kumbe sauti hiyo unayo?"

Sijui niieleze vipi furaha ya chumba kile. Dobi alipiga meza kwa viganja, binti yangu akalia na kucheka kwa pamoja, na mkutubi akasahau kwamba yeye ndiye mwenye wajibu wa kuwanyamazisha watu. Shemeji alingoja mpaka ikatulia. Kisha akawatazama wajumbe kushoto na kulia, wakatikisa vichwa kukubali, akasema:

"Kikao kiendelee. Kwa ukamilifu."

Na kalamu yangu akanirudishia. Kifuniko chake hakikuwa kimetolewa.

Ijumaa, 28 Machi

Nimelala hadi jua la saa mbili. Halikuwapo, lakini nililala.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefanya jambo. Nakala ya mama inaishia *tusemezane viganja*. Kama palikuwa na pete nyingine, imepotea, na mkufu umebaki wazi. Jana niliandika pete ya kwangu, na leo, baada ya kulisoma lile la kale lote, sikufunga karatasi. Nilimtaja marehemu mume wangu, ambaye nilimwandikia orodha nyingi za sokoni na hata siku moja sikumwandikia hili:

*Tusemezane viganja, maneno yamenishinda,*
*Hii kalamu mjanja, haikusema napenda,*
*Umekwenda, nalionja, utamu wa kukuganda,*
*Moyo bado unadunda, nasema bila kificho.*

Nilipoinua macho, hawakucheka. Dobi alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Bi Yahusu," akasema, "kumbe mwenyewe unatunga?"

"Natunga."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaanza udobi."

Binti yangu alinishika mkono njia nzima ya kurudi, ingawa mwavuli ulimtosha mtu mmoja tu. Hakunitania. Karibu na mlango akasema, "Baba angeupenda," nami nikamwambia kwamba baba yake angeuliza kwanza bei ya sukari imefikia wapi, halafu angeupenda. Ndipo tukacheka.

Nimetangaza: mkufu uko wazi. Yeyote anaweza kuanza na *nasema bila kificho*.

Jumanne, 8 Aprili

Dobi ameniletea ubeti wake kwa ukaguzi. Unahusu shati jeupe la mwanamke asiyemtaja. Ni mzuri, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 10 Aprili

Jua. Limetoka tangu asubuhi na limekausha mpaka mitaro. Nilikwenda maktaba nikiwa nimejiandaa kusomea viti, kwani hakuna tena aliyekuwa na haja ya kujikinga. Sikupata pa kupita mlangoni. Walikuwa wamekuja wakavu, kwa hiari yao, na dereva wa lori alikuwa katikati na mwanamke aliyekaa karibu naye sana.

Dobi alisoma, akapigiwa vigelegele, na mwanamke mmoja mwenye blauzi nyeupe akainamisha uso. Nilipouliza kama yupo mwingine, Shemeji alisimama mstari wa nyuma. Hakuwa na miwani. Hakuwa na karatasi. Mkewe alikuwa ameacha kufuma.

"*Nasema bila kificho,*" akaanza, akamwelekea mkewe, "*mke wangu nakutamani...*"

Mizani moja imezidi. Niliihesabu papo hapo, kama ninavyohesabu daima, na mkutubi, anayenijua, alinigeukia akingoja nisahihishe.

Sikusahihisha.